Padri Tempels na moyo usiotosheka

Ndani ya seminari zetu kubwa jina la Padri Placide Tempels linajulikana. Museminari wa filozofia anajifunza kwamba huyu Mufransiskani aliandika kitabu kinachoitwa La philosophie bantoue mwaka wa 1945, kwamba kwake neno la kwanza ni nguvu ya uzima, na kwamba wenye elimu wengi walimubishia. Siku ya egzame anajibu vizuri, anapata poenti zake, na jambo linaisha hapo. Lakini tukimuuliza Padri Tempels alifanya nini kisha kuandika kitabu kile, mara nyingi ananyamaza. Hajui kwamba kazi kubwa zaidi ya padri huyu ilifanyika ndani ya kambi za wafanyakazi pa Kolwezi, huko Ruwe na Musonoi, kwa Kiswahili hiki tunachokiandika hapa, pamoja na wanaume wachimbaji wa shaba na wake zao.

Tunataka leo kupima kazi zile mbili, kitabu na Jamaa. Zote mbili zilizaliwa na moyo usiotosheka. Padri aliona njia ya kila siku haifikishi watu, akakataa kuifuata pasipo kuuliza. Lakini kutotosheka kwa namna mbili si kitu kimoja. Kuna kutotosheka na kazi ya wengine, na kuna kutotosheka na kazi yako mwenyewe. Tunafikiri kwamba ya kwanza ilimupa Padri Tempels kitabu chenye nguvu na chenye kasoro, na ya pili ilimupa jambo jipya kweli. Tujaribu kuonyesha kwa nini tunasema hivi.

I. Kitabu

Padri Tempels alizaliwa Ubelgiji mwaka wa 1906, akafika Kongo mwaka wa 1933. Alifanya kazi katika misioni za Wafransiskani, zaidi kati ya Waluba wa Katanga. Wakati ule desturi ya kazi ilikuwa wazi kwa wote. Misionere alifika na katekismu. Maulizo yaliandikwa, na majibu pia yaliandikwa. Mukatekumeni alishika majibu kwa kichwa, kisha akabatizwa. Mambo ya wankambo yaliitwa upagani, na mutu mwenye kutaka kuwa Mukristu alipashwa kuyatupa yote.

Lakini jambo moja lilimusumbua Padri. Mukristu aliyejibu katekismu pasipo kosa hata moja, siku mutoto wake alipougua sana, alirudilia dawa na mashauri ya wankambo. Wengi walisema: imani yake bado changa, tumuongezee mafundisho. Padri Tempels hakutosheka na neno hilo. Alifikiri kwamba kama mutu anarudilia njia fulani saa ya mateso, basi njia ile inajibu ulizo ambalo wafundishaji hawajalisikia.

Tukumbuke nyakati zenyewe. Ilikuwa wakati wa vita, na kazi katika mashimo ya shaba ilikuwa ngumu sana. Mwaka wa 1941, mwezi wa 12, wafanyakazi wa Union Minière pa Elisabethville waligoma juu ya mushahara, na askari wakawapiga risasi. Mwaka wa 1944 askari weusi waliasi pa Luluabourg. Mwaka huohuo Padri Tempels aliandika ndani ya gazeti L'Essor du Congo la Elisabethville juu ya uasi na sababu zake. Hivi si kweli kwamba alikuwa mutu wa mawazo ya juujuu tu, asiyejali haki ya wafanyakazi. Mwaka uliofuata kitabu chake kikatoka mulemule Elisabethville, kwa Kifransa, kilichogeuzwa toka Kiflamande na Antoine Rubbens, mutu wa sheria.

Tunajua neno kubwa la kitabu. Padri anasema kwamba kwa Muntu, kuwa ni kuwa na nguvu. Kila kitu kilichopo ni nguvu: Mungu, wankambo, watu walio hai, nyama, miti, mawe. Nguvu zile zina daraja zao, tena zinagusana, zinaongezana au kupunguzana. Kwa hiyo desturi ambazo Wazungu waliziita ujinga zina musingi mumoja, na musingi ule ni mawazo yenye kupangwa.

Kitabu kilifanya makelele mengi. Askofu de Hemptinne, aliyeongoza Vikarieti ya Katanga, hakukipenda. Padri Tempels alikwenda Ulaya mwaka wa 1946, akakawia huko mpaka mwaka wa 1949. Lakini mwaka huohuo wa 1949 watu wa Présence Africaine kule Paris walikichapa tena, na Alioune Diop akakiandikia maneno ya utangulizi. Mutu mweusi aliyesoma aliona kwa mara ya kwanza padri Muzungu akikubali wazi kwamba wankambo wetu walikuwa na mawazo. Wema huo tusiusahau tunapotaja makosa.

II. Kasoro ya kitabu

Makosa yapo. Aimé Césaire, ndani ya Discours sur le colonialisme, alimushtaki Padri kwamba anataka Wazungu waheshimu mawazo ya Muntu, huku mali, shamba na mushahara wa Muntu vinabaki mikononi mwao. Mwaka wa 1968 Fabien Eboussi Boulaga, Muyezuiti wa Kameruni, aliandika Le Bantou problématique, akapima kitabu neno kwa neno kwa ukali sana. Paulin Hountondji wa Benin naye alisema kwamba filozofia ni kazi ya watu wanaofikiri kila mumoja na kubishana, na kwamba haiwezi kuwa mawazo ya kabila nzima yanayokaa pasipo mwenyewe.

Sisi hatutarudilia mabishano hayo yote. Tunachagua jambo moja tu, kwa sababu linatugusa sisi wafundishaji. Ndani ya kitabu Padri anasema kwamba Muntu hawezi mwenyewe kutoa filozofia yake kwa maneno yaliyopangwa. Ni Muzungu mwenye kujifunza atakayemupangia, na Muntu akisikia atakubali kwamba ndivyo anavyofikiri. Tulifikirie vizuri neno hilo. Padri alikuwa amekataa desturi ya kale, ambayo misionere anasema na mweusi anasikiliza. Lakini hapa anairudisha kwa mulango wa nyuma. Mafundisho yamegeuka, mwenye kufundisha ni yuleyule. Zamani misionere alimuambia Muntu Mungu ni nani. Sasa anamuambia hata Muntu mwenyewe ni nani.

Tena kitabu hakikuandikiwa Waluba. Kiliandikiwa Wazungu wa koloni, watawala, mahakimu na wamisionere, ili wageuze namna yao ya kazi. Kutotosheka kwa Padri kulikuwa kunaangalia wenzake. Yeye mwenyewe alisimama pembeni, kama mutu mwenye kuonyesha kidole. Tunaona humo sababu ya kasoro yote. Mutu akikasirikia njia ya wengine pasipo kujiuliza juu ya njia yake, anaweza kutengeneza maneno mapya, lakini mwendo wake unabaki wa zamani.

III. Kolwezi

Mwaka wa 1962, karibu na kuondoka Kongo, Padri Tempels alitoa kitabu kidogo, Notre rencontre. Ndani yake anaeleza maisha yake pasipo kujificha. Anasema kwamba kwa kama myaka kumi alikuwa Muzungu na bwana mbele ya watu, mutu wa kusema na kuamuru kwa jina la Mungu, na kwamba hakuona matunda. Kisha alichoka na kazi yake mwenyewe. Akaweka pembeni mafundisho yake, akaanza kuuliza watu: wewe ni mutu wa namna gani, unatamani nini zaidi ya vyote? Akisikia majibu alishangaa, kwa sababu vitu walivyovitamani wao, naye alivitamani ndani ya moyo wake.

Hapa tunaona tofauti. Ndani ya katekismu kulikuwa maulizo pia, lakini mwenye kuuliza alijua jibu mbele. Sasa padri anauliza jambo asilolijua. Anaweza kupata jibu lisilomupendeza. Anaweza hata kuulizwa naye, na kupashwa kujibu. Kutotosheka kwake kumeacha kuangalia wenzake, kumemurudilia mwenyewe.

Alipotumwa Kolwezi kisha kurudi toka Ulaya, alikuta watu waliokuwa tayari kwa ulizo hilo. Tuangalie kambi za Union Minière zilikuwaje. Tangu mwisho wa myaka ya 1920 kompanyi ilitaka wafanyakazi wakae kwa muda murefu pamoja na wake zao. Iliwapa nyumba, chakula cha kupimwa, hospitali, masomo. Misioni ilishika masomo na parokia. Watu walitoka fasi nyingi: Waluba, Wasanga, Walunda, Wachokwe, watu wa Kasai, kila mumoja mbali na baba zake wakubwa. Kompanyi ilijua kila mufanyakazi kwa namba yake. Ilimupimia unga, ilimupangia saa ya kuamka, lakini haikumuuliza yeye ni nani. Na padri alikuwa mara nyingi mutu wa namna ileile, mwenye kugawa mafundisho kama vile kompanyi iligawa unga. Kwa hiyo kutotosheka hakukuwa kwa padri peke yake. Mume na muke ndani ya nyumba ya kambi nao walikuwa wamechoka kuwa watu wa kupewa tu.

Kwa mikutano yao pamoja, kuanzia myaka ya 1950, Jamaa ilizaliwa. Wengi wanaihesabu tangu mwaka wa 1953. Haikuwa na kitabu cha sheria, wala afisi, wala makuta ya kulipa. Mume na muke walikuja wote wawili, na mumoja hakuweza kuendelea pasipo mwenzake. Walifundishana ndani ya nyumba zao, kwa Kiswahili, juu ya mawazo matatu: uzima, uzazi, mapendo. Walisema kwamba mutu yeyote, mweusi ao mweupe, anatamani kuishi kwa nguvu, anatamani kuzaa, anatamani kupenda na kupendwa, na kwamba Mungu ndiye aliyepanda tamaa hizo na ndani ya Kristu anazitimiza. Waliitana baba na mama. Waliofundisha wengine walihesabiwa kuwa wamewazaa kwa roho.

Wandugu, tuangalie vizuri mawazo hayo matatu. Nguvu ya uzima ya kitabu imo. Lakini sasa haiko tena mikononi mwa mwenye elimu mumoja anayeandikia Wazungu wenzake. Iko kinywani mwa muchimbaji wa Musonoi na muke wake, na wao ndio wanaoifundisha. Tena, mapadri walioingia Jamaa walikubali kufundishwa na mabwana na mabibi wa kambi, na kuhesabiwa kuwa wana wao katika roho. Padri kuwa mwana wa muchimbaji! Jambo lile halikuonekana bado katika Katanga ya koloni. Tunasema pasipo wasiwasi: hapo ndipo upya wenyewe ulipo. Na muke naye alipata fasi. Katika mafundisho ya kila siku alikaa nyuma na kunyamaza. Ndani ya Jamaa alifundisha, alizaa kwa roho, aliitwa mama na watu waliokuwa wakubwa wa kazi kuliko mume wake.

Lilienea toka Kolwezi mpaka miji mingine ya shaba, na mpaka Kasai. Waliolipeleka zaidi ni wafanyakazi wenyewe, walipohamishwa kazi ao walipokwenda kutembelea ndugu. Vitabu vya filozofia havikwenda mbali namna hiyo.

IV. Namna jambo jipya linavyozeeka

Musomaji asifikiri kwamba tunataka kusifu tu. Padri Tempels aliondoka Kongo mwaka wa 1962, hakurudi tena, akafariki Ubelgiji mwaka wa 1977. Jamaa ikabaki, na mambo mawili mabaya yakatokea.

La kwanza: kulitoka vikundi vilivyoitwa Katete. Walishtakiwa kwamba waligeuza umoja wa roho kuwa umoja wa mwili pasipo ndoa, na kwamba walificha mafundisho yao mbele ya Eklezya. Makosa hayo hatuyafuniki. Tunaona humo kutotosheka kulikopotea njia. Mutu aliyechukizwa na desturi anaweza kufika fasi asipotaka kuulizwa tena na mutu yeyote. Anasema: sisi tumefika, wengine hawajui. Siku ile kutotosheka kwake kumekufa, kwa sababu sasa ametosheka kabisa, ametosheka na yeye mwenyewe.

La pili halisemwi sana, lakini lilikuwa zito vilevile. Maneno ya Jamaa yakawa maneno ya kushika kwa kichwa. Uzima, uzazi, mapendo: mutu aliyafuata kwa mupango wake, daraja kwa daraja, kama vile mukatekumeni wa zamani alivyofuata katekismu. Johannes Fabian, mwenye elimu wa desturi za watu, aliyekaa kati yao katika myaka ya 1960 na kutoa kitabu juu yao mwaka wa 1971, aliandika mengi juu ya mafundisho hayo na namna yalivyopangwa. Kitu kilichozaliwa na ulizo lisilo na jibu kiligeuka tena kuwa majibu. Hatusemi hivi kwa kuwacheka. Kila jambo jipya ndani ya Eklezya linapita humo, na shirika za watawa zinajua habari hiyo kuliko sisi.

Katika myaka ya 1970 maaskofu wakatoa maagizo makali. Walikuwa na haki ya kulinda ndoa na imani, na hatuna neno la kubishia kazi hiyo. Lakini mutu mwenye kupima mambo kwa haki anapashwa pia kusema kwamba wababa na wamama wengi waaminifu, wasiokuwa na kosa la Katete, walihesabiwa pamoja nao. Wengine walitoka kwa machozi. Walikuwa wamejifunza kuulizwa, kisha wakaamuriwa. Na tuongeze hili: maaskofu wenyewe wa Kongo, katika mukutano wao wa mwaka wa 1961, walikuwa wamechagua jumuiya hai za Wakristu kuwa njia ya kazi yao. Leo shirika za mitaa yetu zinakusanyika nyumba kwa nyumba, na walei wanasoma Evanjili na kusema. Hatusemi kwamba zilitoka kwa Jamaa. Lakini watu wa Kolwezi walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba nyumba ya mufanyakazi inaweza kuwa fasi ya mafundisho.

V. Na sisi?

Kwa nini tunaandika mambo haya sasa? Kwa sababu Kolwezi imegeuka, na tunaogopa kwamba sisi hatujageuka pamoja nayo. Union Minière ilikwisha mwaka wa 1967, Gécamines ikaichukua fasi yake, na kambi zilizopewa kila kitu zikapoteza karibu kila kitu. Jimbo la Kanisa la Kolwezi lilisimikwa mwaka wa 1971. Provinsi ya Lualaba ilizaliwa mwaka wa 2015. Leo muji unatafutwa na dunia nzima juu ya kobalti. Pa Kasulo watu walichimba chini ya nyumba zao wenyewe. Kijana anayeshuka shimoni hana namba ya kompanyi wala unga wa kupimwa. Hakuna anayemupangia saa ya kuamka, na shimo likibomoka, ni wenzake tu wanaomutafuta.

Kijana huyu anatuletea maulizo ambayo hayamo ndani ya vitabu vyetu. Anauliza kama makuta ya madini yaliyochimbwa usiku katika shamba la kompanyi yanaweza kutolewa sadaka. Anauliza kwa nini tunakataza dawa za kulinda shimo, kama sisi wenyewe hatushuki kumuombea pa mulango wa shimo. Na sisi tunamupa nini? Mara nyingi homilia iliyogeuzwa toka Kifransa, yenye majibu ya maulizo ambayo hakuyauliza. Kisha tunashangaa kwamba anakwenda kusali kwingine, tena tunasema: imani yake bado changa. Ni neno lilelile ambalo Padri Tempels hakutosheka nalo.

Kwa hiyo tunawaambia waseminari: msome La philosophie bantoue, lakini msiimalizie pale. Msome Notre rencontre kisha yake, mupime namna mutu mumoja alivyoacha kuwahukumu wenzake na kujihukumu mwenyewe. Mukisha kupadrishwa mutakuta parokia zenye desturi zao, na mutachukizwa na nyingi. Kabla ya kuzigeuza, mutu ajiulize: je, ninachoka na watu hawa, ao ninachoka na namna yangu ya kukaa nao? Akijibu kwamba amechoka na watu, angoje. Hajawa tayari kuleta jambo jipya.

Nanyi wakatekista, munajua mengi kuliko sisi juu ya nyumba za watu. Wengine wenu mulizaliwa na wababa na wamama wa Jamaa. Mafundisho yao yalikuwa na makosa, nasi tumeyataja. Lakini muwaulize wale walio hai bado ilikuwaje siku ya kwanza, wakati padri alipokaa katika kiti cha nyumba yao ya kambi na kuuliza pasipo kuandika jibu. Muyaandike maneno yao, kwa maana wazee wanakwenda, na vitabu vilivyo katika bibliotheka zetu juu ya Jamaa karibu vyote viliandikwa na wageni.

Mwana wa Mungu mwenyewe, alipokutana na mwanamuke Musamaria pa kisima, hakuanza kwa kufundisha. Alikuwa amechoka na njia, akamuomba maji. Mafundisho yalikuja nyuma, na mwanamuke naye alikuwa na maulizo yake. Padri Tempels alihitaji myaka mingi kusikia habari ile namna hiyo. Sisi tulio na mufano wake, tusihitaji myaka mingi vile.